Ngome iliyokataliwa mara nne: Steinitz dhidi ya von Bardeleben, Hastings 1895

Baada ya hatua ya 22 ya Nyeusi, ubao wa sataranji ulikuwa hivi (herufi inataja safu ya wima, namba mstari wa mlalo). Nyeupe: mfalme g1, malkia g4, ngome c1 na e7, farasi g5, askari a2, b2, f2, g2 na h2. Nyeusi: mfalme f8, malkia d7, ngome a8 na c8, askari a7, b7, d5, f6, g6 na h7. Zamu ni ya Nyeupe, na kete zake zote nne kubwa ziko mdomoni mwa adui. Malkia wa g4 anaweza kuliwa na malkia wa d7. Ngome ya e7 inaweza kuliwa na malkia au na mfalme. Farasi wa g5 anasubiriwa na askari wa f6, na ngome ya c1 inatazamana na ngome ya c8 bila mlinzi yeyote. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ngome nyeusi ikishuka c1 inatoa cheki, yaani inamtishia mfalme, na mfalme wa g1 amezibwa na askari wake mwenyewe. Mtu anayeuona ubao huo kwa mara ya kwanza angeapa kwamba Nyeupe kashaisha.

Hatua tatu baadaye, aliyeinuka kitini na kuondoka ni mchezaji wa Nyeusi.

Mchezo huu ulichezwa tarehe 17 Agosti 1895, raundi ya 10 ya mashindano ya Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Wachezaji walikuwa 22, kila mmoja akikutana na wenzake wote, kwa hiyo raundi 21. Walikuwepo Emanuel Lasker, bingwa wa dunia, Mikhail Chigorin kutoka Urusi, Siegbert Tarrasch kutoka Ujerumani, na kijana wa Marekani wa miaka 22 aitwaye Harry Nelson Pillsbury, ambaye wachache walimtarajia na ambaye mwishowe aliwapita wote. Kwa muda mrefu hapakuwa na mashindano yaliyokusanya vigogo wengi kiasi hicho.

Nyeupe alikuwa Wilhelm Steinitz. Alizaliwa Prague mwaka 1836, mwaka mmoja kabla Malkia Victoria hajakalia kiti cha enzi, na akafariki New York mwaka 1900, miezi michache kabla ya malkia huyo. Maisha yake yanaimeza karibu enzi nzima ya Victoria. Ujanani alikuwa mshambuliaji asiye na breki. Kuanzia miaka ya 1870 akageuka mwalimu wa aina nyingine ya sataranji: kusanya faida ndogo ndogo, udhaifu wa askari mmoja hapa, mraba mmoja pale, na usishambulie mpaka hali ya ubao ikupe haki ya kushambulia. Wengi walimcheka na kusema kwamba ameuua utamu wa mchezo. Mwaka 1886 alimshinda Johannes Zukertort katika pambano linalohesabiwa kuwa la kwanza rasmi la ubingwa wa dunia, na akaushikilia ubingwa huo mpaka Lasker alipomnyang'anya mwaka 1894. Hastings alifika akiwa na miaka 59, bingwa wa zamani ambaye wengi walishaanza kumzungumzia kwa wakati uliopita.

Nyeusi alikuwa Curt von Bardeleben, Mjerumani wa miaka 34 kutoka ukoo wa kikabaila, aliyesomea sheria lakini akavutwa na ubao. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya raundi hii alikuwa na pointi 7½ katika michezo 9, na miongoni mwa aliowashinda alikuwemo Lasker mwenyewe. Kwa hesabu ya siku ile, aliyekuwa na cha kupoteza ni yeye.

Huu hapa mchezo wote, kwa atakayeutoa ubao wake. Herufi ni zile za kawaida: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari, x ni kula, + ni cheki, O-O ni mfalme na ngome kupishana kwa hatua moja, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi.

1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4 Bc5 4. c3 Nf6 5. d4 exd4 6. cxd4 Bb4+ 7. Nc3 d5 8. exd5 Nxd5 9. O-O Be6 10. Bg5 Be7 11. Bxd5 Bxd5 12. Nxd5 Qxd5 13. Bxe7 Nxe7 14. Re1 f6 15. Qe2 Qd7 16. Rac1 c6 17. d5 cxd5 18. Nd4 Kf7 19. Ne6 Rhc8 20. Qg4 g6 21. Ng5+ Ke8 22. Rxe7+ Kf8 23. Rf7+ Kg8 24. Rg7+ Kh8 25. Rxh7+ na Nyeupe anashinda.

Ufunguzi ni ule wa Kiitaliano, mkongwe kweli kweli. Katika hatua ya 7 Steinitz anamwacha askari wake wa e4 wazi. Leo vitabu vinasema Nyeusi amle tu kwa farasi na wabishane baadaye. Von Bardeleben alichagua njia ya utulivu, 7...d5, na katika hatua ya 9 akakataa tena chambo kwa kumtoa askofu e6 badala ya kuanza kula c3. Alikuwa sahihi kukataa. Angekula farasi wa c3 kwa farasi, kisha askari wa c3 kwa askofu, malkia mweupe angeruka b3, akigusa f7 na askofu wa c3 kwa pigo moja, na mfalme mweusi akiwa bado katikati angepata taabu.

Kutoka hatua ya 11 hadi ya 13 kete ndogo zinabadilishwa kwa mfululizo, na mtazamaji wa juu juu angedhani hali inapoa. Zilipomalizika, kila upande umebaki na malkia, ngome mbili na farasi mmoja. Askari ni sawa, sita kwa sita. Isitoshe, Nyeupe ana askari pweke pale d4, asiye na jirani wa kumlinda, udhaifu wa aina ileile ambayo Steinitz mwenyewe aliwafundisha watu kuitafuta.

Lakini Nyeupe ameshamweka mfalme wake salama, na Nyeusi bado. Ndipo 14. Re1 inapouma. Ngome imesimama kwenye safu ya e, farasi wa e7 yuko katikati, mfalme yuko e8 nyuma yake. Nyeusi hawezi sasa kumpeleka mfalme pembeni, maana mfalme ndiye pekee anayemlinda farasi; malkia pale d5 hafikii e7. Mfalme akiondoka, farasi analiwa bure. Mfalme amekalia kuti kavu.

Von Bardeleben ana mpango, nao ni mzuri: 14...f6, halafu mfalme asogee f7 kwa miguu yake mwenyewe, ngome ya h8 iingie mchezoni, na mambo yamekwisha. Kinachotakiwa ni hatua moja tu ya ziada. Steinitz anajibu 15. Qe2, akiongeza uzito juu ya e7. Wachambuzi wa baadaye waliona kwamba cheki kutoka a4 ingekuwa kali zaidi, na nadhani wana hoja, kwa kuwa mfalme akisogea f7 farasi mweupe anajitosa e5 kwa cheki na safu ya e inafunguka kama mlango. Tuliache. Malkia mweusi anarudi d7 kulinda, Steinitz anaweka ngome ya pili c1, na hapo, hatua ya 16, mchezo unaamuliwa.

Von Bardeleben anacheza 16...c6.

Hatua hii imelaumiwa kwa zaidi ya miaka 100, na kwa kawaida analaumiwa kwa uzembe. Mimi naona kinyume. Hii ni hatua ya msomi. Askari wa c7 alikuwa ameguswa na ngome ya c1, sasa kaondoka. Muhimu zaidi, c6 inautia nguvu mraba wa d5, ulio mbele ya askari pweke wa Nyeupe. Farasi wa e7 akifika d5 na kukaa pale akishikwa mkono na askari wa c6, hatang'oka tena. Askari wa d4 atabaki kizuizi kwa kete zake mwenyewe, na mwisho wa mchezo ataliwa kwa raha. Ni somo la Steinitz, karibu neno kwa neno: funga askari pweke, simika farasi mbele yake, ngoja. Von Bardeleben alikuwa akimchezea mzee mafundisho ya mzee.

Kasoro yake ni ya wakati. Farasi anayetakiwa d5 yuko e7, na hawezi kunyanyua mguu mpaka mfalme atoke nyuma yake. Kwanza mfalme, kisha ndoto. Ngoja ngoja ikamuumiza tumbo.

17. d5! Wengi wanaousifu mchezo huu wanaanza kusifu kuanzia hatua ya 22. Kwangu hii ndiyo hatua yake bora. Nyeupe anamtoa kafara askari wake pweke, tena anamweka juu ya mraba uleule ambao farasi mweusi aliutamani. Farasi hawezi kumla, kafungwa na mfalme aliye nyuma yake. Malkia naye hawezi: akila d5, malkia mweupe anatua e7 akilindwa na ngome ya e1, na ni mati papo hapo: mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Anayeweza kula ni askari wa c6 peke yake. Akila, kitanda kilichotandikiwa farasi kinalaliwa na askari wa kwao, safu ya c inabaki wazi kwa ngome ya c1, na mraba wa d4, uliokuwa umekaliwa na askari mweupe, unamsubiri farasi mweupe. Askari mmoja, faida tatu. Bado Nyeusi angeweza kusogeza mfalme f7 na kuvumilia hali mbaya kidogo. Akala.

Farasi akaruka d4, na baada ya mfalme kufika f7 kwa kuchelewa hatua moja, akaruka e6. Pale e6 hagusiki, malkia na ngome wanamlinda kutoka nyuma, na amemkwama Nyeusi kooni. Von Bardeleben anapeleka ngome c8 kuziba safu ya c. Steinitz anajibu 20. Qg4, akitishia kula g7 kwa cheki na baada ya mfalme kurudi e8 kumaliza kwa malkia f8. Nyeusi anasogeza askari g6. Sasa 21. Ng5+. Farasi anatoa cheki, na kwa kuondoka e6 amefungua mstari: malkia wa g4 anamtazama malkia wa d7 uso kwa uso. Nyeusi akimla farasi, anampoteza malkia. Mfalme anarudi e8, akimlinda malkia wake, na kwa sekunde moja inaonekana kama amepumua.

22. Rxe7+. Ngome inakula farasi mbele ya mfalme, na kuna njia mbili za kuila. Mfalme akila, ngome nyingine inakuja e1 kwa cheki. Akikimbilia d6 anapigwa na malkia kutoka b4, akirudi d8 farasi anarudi e6 kwa cheki na kisha c5, na malkia mweusi anapotea. Malkia akila, Nyeupe anabadilishana ngome pale c8, malkia wake anakula ya mwisho kwa cheki, na anabaki na farasi zaidi. Von Bardeleben aliona yote hayo. Kwa hiyo hakula. Akasogea f8, na ubao ukawa ule nilioueleza mwanzo.

Hapa ndipo inapofaa kukaa na ubao halisi, kwa sababu ulinzi wa Nyeusi ni mzuri kuliko unavyosifiwa. Malkia wa g4 akimla malkia wa d7, ngome inashuka c1 na Nyeupe ndiye anayepigwa mati. Ngome ya e7 ikimla malkia, ni vilevile. Hatua yoyote ya Nyeupe isiyo cheki, au isiyoishughulikia safu ya c, inamuua yeye. Steinitz yuko katika chumba chenye mlango mmoja, na mlango huo ni cheki baada ya cheki bila kupumzika.

23. Rf7+. Ngome inajitoa tena. Mfalme akiila, malkia mweupe anamla malkia wa d7 na safari hii ni kwa cheki, kwa hiyo ngome ya c8 haipati nafasi ya kushuka. Hiyo ndiyo siri nzima: mfalme akivutwa mpaka mstari wa 7, malkia mweusi analiwa kwa cheki, asipovutwa, hapana. Malkia akiila ngome, basi ameachia c8, na Nyeupe anakula ngome zote mbili pale na kubaki na farasi zaidi. Mfalme anakimbia g8. 24. Rg7+, kisa kilekile: mfalme akila, malkia anakwenda kwa cheki, malkia akila, c8 inaanguka. Mfalme anakwenda h8. 25. Rxh7+: hapa mfalme hawezi kuila, farasi wa g5 anailinda, na malkia akila, c8 inaanguka vilevile. Ngome imebisha hodi e7, f7, g7 na h7, nyumba nne mfululizo za mstari mmoja, na haikukaribishwa hata moja. Muda wote huo malkia wawili wanatazamana bila hata mmoja kuliwa, na ngome ya c1, ambayo haijasogea tangu hatua ya 16, iko wazi kuliwa na haiwezi kuliwa.

Kwa nini basi kwenda h7? Mtu angedhani ngome inazunguka tu. Kumbe imekwenda kumwondoa askari wa h7, ili safu ya h ifunguke. Steinitz aliwaonyesha watazamaji mwendelezo wote, mati ndani ya hatua 10: 25...Kg8 26. Rg7+ Kh8 27. Qh4+ Kxg7 28. Qh7+ Kf8 29. Qh8+ Ke7 30. Qg7+ Ke8 31. Qg8+ Ke7 32. Qf7+ Kd8 33. Qf8+ Qe8 34. Nf7+ Kd7 35. Qd6 mati. Mwishoni ngome inaliwa kweli, pale g7, wakati haihitajiki tena. Kuanzia hatua ya 21 hadi ya 35, hatua zote 15 za Nyeupe ni cheki. Hata moja ingekosa, angekufa yeye.

Von Bardeleben hakungoja kuonyeshwa. Simulizi iliyoenea ni kwamba aliinuka bila kutamka kuwa ameshindwa, akatoka, na kuiacha saa yake ikitembea mpaka muda ukaisha. Saa za pande mbili zilikuwa bado changa; zilianza kutumika katika mashindano makubwa London mwaka 1883. Bila saa, mtu aliyekasirika angeweza kumwacha mpinzani akisubiri usiku kucha. Tabia hiyo imembandika jina baya mpaka leo, na watu wengi hawajui lolote kuhusu yeye isipokuwa kwamba aliondoka. Adabu ya ubao inadai umpe mkono mshindi, na hapo sina utetezi wa kumtolea. Ila nasikitika kwamba kuondoka kwake kumefunika ulinzi wake. Kutoka hatua ya 22 hadi ya 24 alijibu kila mara kwa njia ndefu zaidi iliyokuwepo, dhidi ya mmoja wa wachezaji bora wa karne, naye akiwa na tishio la mati mkononi.

Steinitz alipewa tuzo ya kwanza ya mchezo maridadi wa mashindano. Alimaliza nafasi ya 5 akiwa na pointi 13. Pillsbury alishinda kwa 16½, Chigorin 16, Lasker 15½, Tarrasch 14. Von Bardeleben, aliyeanza na 7½ katika michezo 9, alipata pointi 4 tu katika michezo 12 iliyobaki, huu ukiwemo, akagawana nafasi ya 7 na Richard Teichmann kwa 11½.

Swali linalobaki ni kama Nyeusi angenusurika kwa kucheza 16...Kf7 badala ya c6. Njia inayojaribiwa mara nyingi ni Nyeupe kulipua mara moja: 17. Qxe7+ Qxe7 18. Rxe7+ Kxe7 19. Rxc7+ Kd6 20. Rxg7. Hesabu kete zilizobaki: Nyeupe ana ngome, farasi na askari sita, Nyeusi ana ngome mbili na askari wanne, mfalme wake yuko hai katikati, na ngome moja ikienda safu ya c inatishia tena ule mstari wa kwanza wa Nyeupe, kwa hiyo Nyeupe lazima apoteze hatua kumfungulia mfalme wake dirisha. Sioni Nyeupe akishinda hapo. Pengine Nyeusi ndiye mwenye raha zaidi, kwa sababu ngome zake mbili zina safu za wazi za kutembelea, na farasi mweupe wa f3 yuko mbali na kila kitu.